Jinsi ya kujua umbali na masaa ya ndege kati ya mji na mji, wewe mwenyewe na simu yako

Ukiuliza Google masaa ya ndege kutoka Dar mpaka Mwanza unaletewa majibu kibao, huyu anasema lisaa limoja na dakika tano, yule lisaa na nusu, mwingine masaa mawili, afu kwenye umbali napo mmoja anakwambia kilomita 850 mwingine anasema zaidi ya 1,100. Watu wengi wanachukua jibu la kwanza walilokutana nalo wanapangia safari. Sasa cha ajabu ni kwamba hayo majibu yote yanaweza kuwa sahihi, ila kila moja linajibu swali tofauti. Kuna umbali wa barabara na kuna umbali wa angani, kuna muda ndege iko hewani na kuna muda ulioandikwa kwenye tiketi, na kuna ndege ya jeti na ndege ya pangaboi. Ukishajua unatafuta kipi, hesabu yenyewe ni ya kalkuleta ya simu na haichukui dakika tano.

Mi ndo mtu ambaye kwetu nikisikia simu saa nne usiku najua kuna mtu kapokea tiketi haielewi, kwa hiyo naomba nielezee hili jambo taratibu kama ninavyowaelezea ndugu zangu. Tutatumia Dar na Mwanza kama mfano wetu mkuu, afu tutatoka nje kidogo, Kigali, Dubai, Guangzhou, London, coz huko ndo masaa yanapoanza kuchanganya watu kwelikweli.

Kwanza umbali. Wa barabara uache kabisa. Kutoka Dar mpaka Mwanza kwa gari unapita Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100 na basi linakula usiku na mchana. Ndege haipiti huko kote, inakata moja kwa moja. Kwa hiyo unachotafuta ni mstari ulionyooka kutoka uwanja mpaka uwanja, na ninasema uwanja, sio katikati ya mji. Kwa Dar na Mwanza haileti tofauti kubwa ila kuna sehemu inaleta, mfano mtu wa Arusha anayeshukia KIA bado ana kama kilomita 50 za barabara mbele yake, na mtu wa Mbeya anashukia Songwe, nje ya mji.

Njia rahisi ya kupima ni Google Maps. Unafungua, unautafuta uwanja wa kwanza, unaubonyeza bila kuachia mpaka kialama chekundu kitokee, unavuta juu yale maelezo ya chini, unachagua kupima umbali, afu unasogeza ramani mpaka uwanja wa pili. Itakuandikia kilomita pale chini. Ukiwa huna bando la kuchezea basi kuna tovuti inaitwa Great Circle Mapper, hii ni nyepesi sana, unaandika tu kodi za viwanja, yaani zile herufi tatu za kutambulisha uwanja, zikiwa na kistari katikati, DAR-MWZ, inakupa umbali na mchoro wa njia. Angalia tu imekupa kwa kipimo gani, maana mara nyingi inaleta maili, na maili moja ni kilomita 1.609. Na kuna maili za baharini ambazo ndo marubani wanatumia, hizo moja ni kilomita 1.852. Nimeona mtu anabishana na mwenzake kutwa nzima kuhusu umbali, kumbe mmoja anasoma maili mwingine kilomita.

Zile kodi za herufi tatu jifunze zako chache za muhimu, zinakuepusha na mengi. DAR ni Dar es Salaam, MWZ Mwanza, ZNZ Zanzibar, NBO Nairobi, MBA Mombasa, KGL Kigali, EBB Entebbe, ADD Addis Ababa, DXB Dubai, DOH Doha. KIA kwenye tiketi sio KIA, ni JRO, hii inawashtua watu wengi wanadhani wamekatiwa tiketi ya nchi nyingine.

Sasa kama unapenda kujua kitu kinatoka wapi, umbali huu unaweza kuupata kwa mkono bila tovuti yoyote, na kwa sisi tunaokaa karibu na ikweta ni rahisi kuliko kwa watu wa Ulaya. Kila uwanja una namba mbili za mahali ulipo, moja ya kaskazini-kusini na moja ya mashariki-magharibi. Uwanja wa Dar uko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki, wa Mwanza uko 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Toa moja kwenye nyingine, unapata tofauti ya nyuzi 4.44 upande mmoja na 6.27 upande wa pili. Nyuzi moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo zidisha, unapata 493 na 696. Hapo una pembetatu, na ile hesabu ya Pithagorasi tuliyofundishwa sekondari ndo inaingia, 493 mara yenyewe jumlisha 696 mara yenyewe, tafuta kipeo cha pili, unapata 853. Ukipima kwa tovuti unapata karibu hivohivo, kama kilomita 850.

Hiyo njia ya mkono itumie kwa safari za huku kwetu tu, Dar, Nairobi, Kigoma, Entebbe, Kigali, Bujumbura. Ukienda mbali kaskazini inakudanganya, kwa sababu mistari ya longitudo inasogeleana kadiri unavyokaribia ncha ya dunia, nyuzi moja ya mashariki-magharibi ambayo kwetu ni kilomita 111, kule London imeshabaki kama 69. Na kuna jambo la pili, dunia ni duara na ramani tunayoiona ukutani ni bapa. Chukua mpira uliochorwa ramani ya dunia, weka kidole Nairobi na kingine New York, vuta uzi ukakaza, utaona uzi hauendi kushoto moja kwa moja kama ramani ya darasani inavyoonyesha, unapanda kaskazini-magharibi juu ya Sahara kwanza ndo unaingia bahari ya Atlantiki. Huo uzi ndo umbali wa kweli, kama kilomita 11,840. Kwa hiyo mtu akiona kwenye skrini ya ndege mstari umepinda asidhani rubani anazunguka, ndo njia fupi hiyo.

Haya tumepata kilomita, twende kwenye masaa.

Ndege za jeti zinazobeba abiria zikishapanda juu zinakimbia kati ya kilomita 800 na 900 kwa saa. Ila haziko kwenye spidi hiyo safari nzima. Kuna kusukumwa kutoka pale ilipopaki, kuna kutembea taratibu mpaka kwenye ranwei, kuna kusubiri zamu, kuna kupanda, afu mwisho kuna kushuka na kutafuta pa kusimama. Muda unaoandikwa kwenye tiketi unahesabu vyote hivyo, tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama kabisa. Hewani peke yake ni pungufu. Ndo maana mmoja anakwambia Dar Mwanza ni lisaa na dakika tano na mwingine lisaa na nusu, wa kwanza kahesabu hewani wa pili kasoma tiketi.

Kwa hiyo kanuni ninayotumia mimi ni hii: kilomita gawanya kwa 800, afu ongeza nusu saa. Dar Mwanza, 850 gawanya kwa 800, unapata 1.06. Hapa tulia kidogo, maana ndo watu wanapopotelea. Hiyo 1.06 sio lisaa limoja na dakika sita. Ile .06 ni sehemu ya saa, izidishe kwa 60, unapata kama dakika nne. Lisaa na dakika nne, ongeza nusu saa, ni lisaa limoja na dakika 34. Angalia tiketi ya jeti ya Dar Mwanza utaona inazungukia humohumo. Mfano mwingine wa hatari zaidi ni Dubai, kilomita kama 3,980 kutoka Dar, ukigawanya unapata 4.975, mtu anasoma masaa manne na dakika 97, kitu ambacho hakipo. Zidisha .975 kwa 60, ni dakika 58 na kitu. Masaa manne na dakika 58, ongeza nusu saa, ni matano na nusu kasoro kidogo, na hivyo ndivyo ilivyo.

Kanuni hii ni ya jeti. Kama ni pangaboi badilisha namba. Dash 8 Q400, zile ndefu za injini mbili za pangaboi ambazo Air Tanzania wanazo, gawanya kwa 600. ATR, ambazo Precision Air wanatumia, gawanya kwa 500. Kwa hiyo Mwanza ileile ya lisaa na nusu kwa jeti inakuwa masaa mawili kasoro dakika tano kwa Q400 na masaa mawili na dakika 12 hivi kwa ATR. Usiichukie ndege kwa hilo, inatua sehemu ambazo jeti kubwa haiwezi, ila kama una kikao saa nne asubuhi hizo dakika 40 ni zako, zihesabu. Aina ya ndege inaandikwa wakati unakata tiketi mtandaoni, mara nyingi kwa maandishi madogo chini ya muda, fungua maelezo ya safari utaiona.

Na kwa vindege vidogo vya watu kumi na kitu, vile vinavyopeleka watalii mbugani na Zanzibar, kanuni iache kabisa. Dar mpaka Zanzibar uwanja kwa uwanja ni kama kilomita 73 tu, ndege inatumia dakika 20 hivi, ukiingiza kwenye kanuni inakuletea dakika nyingi zaidi ya hizo kwa sababu kindege hakihitaji nusu saa ya kujipanga, kinaruka ukipepesa jicho. Chini ya kilomita 150 amini tiketi.

Kwa safari ndefu za ndege kubwa, 787, 777, A350, fanya hesabu mara mbili, moja kwa 800 na nyingine kwa 850, jibu la kweli litakuwa humo katikati au karibu yake. Dar mpaka Guangzhou, safari ambayo watu wa Kariakoo wanaijua vizuri, ni kama kilomita 8,700. Kwa 800 unapata masaa 11 na dakika 20 na kitu, kwa 850 unapata kumi na dakika 45. Sema masaa 11 yameisha.

Kwa nini isiwe namba moja? Upepo. Huko juu, kilomita 9 mpaka 12 kutoka ardhini, kuna pepo kali zinazovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na huwa kali zaidi wakati wa baridi ya kule kaskazini. Ndege inayokwenda mashariki inasukumwa mgongoni, inayokwenda magharibi inapigwa usoni. Kenya Airways walipoanza safari ya moja kwa moja Nairobi New York tarehe 28 Oktoba 2018 kwenda ilikuwa kama masaa 15 na kurudi kama 14. Njia ileile, ndege ileile, lisaa zima limeliwa na upepo. Kwa safari za huku ndani, Dar Mwanza au Dar Mbeya, upepo huo sio wa kuwaza sana, karibu na ikweta hauna nguvu kama kule. Huku kwetu kinachochelewesha zaidi ni mvua za radi, hasa ukanda wa Ziwa Victoria, ndege inaweza ikaambiwa izunguke hewani isubiri wingu lipite.

Pia kuna vita. Anga ya nchi ikifungwa ndege zinazunguka na hesabu yako ya mstari ulionyooka inakufa. Mapigano yalipoanza Sudan Aprili 2023 anga yao ilifungwa, na Sudan ndo iko katikati ya njia yetu ya kwenda Ulaya, kwa hiyo ndege zilizozoea kupita pale zikalazimika kuchepuka. Ukiona tiketi ya leo ina nusu saa zaidi ya aliyoisafiria ndugu yako miaka ya nyuma usishangae.

Sasa tuje kwenye saa za kwenye tiketi, na hapa naomba usome polepole, maana hapa ndo watu wanapoteza pesa.

Saa iliyoandikwa pembeni ya mji ni saa ya mji huo. Ya kuondoka ni ya unakoondokea, ya kufika ni ya unakofikia. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia saa moja wote. Rwanda na Burundi wako nyuma yetu lisaa limoja. Kongo ni mbili, upande wa mashariki, Goma, Bukavu, Lubumbashi, wako nyuma yetu lisaa moja, Kinshasa wako nyuma masaa mawili. Dubai na Muscat wako mbele lisaa limoja, China mbele masaa matano. London wako nyuma masaa matatu wakati wa baridi na mawili wakati wa kiangazi chao, maana wao wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Sisi hatusogezi.

Chukulia tiketi ya Dar kwenda Kigali inasema inaondoka 10:00 inafika 11:00. Mtu anaona lisaa limoja, anafurahi. Lakini umbali ni kama kilomita 1,140, kwa kanuni yetu ni karibu masaa mawili, na masaa mawili ndo atakayokaa kwenye kiti, ila Kigali wako nyuma lisaa kwa hiyo anatua saa ya kwao bado ni 11:00. Kurudi sasa, akiondoka Kigali 11:40 tiketi itaonyesha anafika Dar kama 14:40, ataona masaa matatu, ataanza kuuliza kwa nini kurudi ni mbali kuliko kwenda. Sio mbali. Kwa hiyo ukitaka masaa halisi ya kukaa kwenye ndege kutoka kwenye tiketi, chukua saa ya kufika, ibadilishe iwe saa ya mji ulioondokea, ndo utoe saa ya kuondoka. Fanya hivo kila mara hata kama unaona ni rahisi.

Tiketi zinatumia saa 24, kwa hiyo 13:00 ni saa saba mchana, 19:25 ni saa moja na dakika ishirini na tano usiku, 05:15 ni saa kumi na moja na robo alfajiri. Ukiwa na wasiwasi, ikizidi 12 toa 12 kwanza, afu toa sita, ikishindikana kutoa sita au ikibaki sifuri basi ongeza sita. Mzee akikuuliza kwenye simu ndege inaondoka saa ngapi mtajie kwa saa zetu na umtajie na usiku au mchana, usimsomee namba ilivyo.

Hatari kubwa kuliko zote ni ndege za katikati ya usiku. Tiketi ikisema tarehe 12 saa 00:30, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Maana yake tarehe 11 jioni unatakiwa uwe umeshafunga begi, saa tatu na nusu usiku wa tarehe 11 uko uwanjani. Sisi kwenye maongezi ya kawaida usiku wa manane bado ni wa siku iliyopita, mtu anasema "nasafiri tarehe 12 usiku saa sita na nusu", familia nzima inajipanga kumsindikiza tarehe 12 jioni, pilau limepikwa, mjomba kakodi Noah, wanafika uwanjani ndege ina karibu siku nzima tangu iondoke. Na tiketi ikishapita hivo, kuibadilisha ni pesa nyingine, saa ingine ni kununua upya kabisa. Nakuomba, ukiona tiketi yoyote imeanza na 00, 01 au 02, mpigie mhusika simu umwambie kwa maneno "unaondoka nyumbani tarehe fulani jioni". Usimtumie picha ya tiketi ukaishia hapo.

Vilevile angalia kialama cha +1 pembeni ya saa ya kufika. Maana yake unafika siku inayofuata. Mfano wa Guangzhou, uondoke Dar saa nne asubuhi, yaani 10:00, kaa masaa 11 angani, kwa saa yetu ni 21:00, kwa saa ya China ongeza matano, ni 02:00 ya siku ya pili yake. Anayekuja kukupokea lazima aambiwe tarehe ya kufika sio ya kuondoka.

Safari ya kubadili ndege sasa. Hapa umbali unakuwa jumla ya vipande, na inafaa uvipime kabla hujakubali bei. Chukua Dar London. Mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Ukipitia Addis Ababa, Dar Addis ni kama 1,760 na Addis London ni kama 5,920, jumla 7,680. Hujaongeza hata kilomita 200, Addis iko njiani kabisa. Ukipitia Dubai, 3,980 jumlisha karibu 5,500 za Dubai London, ni kama 9,480, umeongeza karibu kilomita 2,000, ambazo ni masaa mawili na nusu ya kukaa kwenye kiti. Sisemi usipite Dubai, saa ingine bei ni nzuri, mzigo unaruhusiwa zaidi au una shughuli zako pale, ila ujue unachonunua.

Na kilomita sio kila kitu, kusubiri ndo kunakomaliza watu. Dar Addis kwa kanuni ni masaa mawili na dakika 42, Addis London ni saba na dakika 54, jumla kama kumi na dakika 36. Tiketi ikikuonyesha jumla ya masaa 19 maana yake zaidi ya masaa manane uko kwenye benchi. Tafuta hiyo namba kila mara, jumla ya safari toa masaa ya ndege, inayobaki ni benchi. Benchi la masaa mawili mpaka manne mi naona ndo zuri. Chini ya lisaa na nusu sikushauri, hasa kama unasafiri na watoto au mzee anayetembea taratibu, ndege ya kwanza ikidelei kidogo tu unakimbia kwenye korido na mtoto mgongoni. Na kama tiketi ni mbili tofauti ulizonunua mwenyewe ili uokoe pesa, weka nafasi kubwa zaidi, masaa matano kwenda juu, kwa sababu ukikosa ya pili hakuna wa kumdai, na mzigo inabidi uutoe uucheki upya, na kwa nchi nyingine huwezi kutoka kuuchukua bila viza.

Kuna swali watu hawaulizi kabisa nalo ni muda wa mlango kwa mlango. Dar Dodoma kwa ndege ni kama kilomita 390, kanuni inakupa lisaa limoja. Lakini lisaa hilo sio safari. Uwanjani safari za ndani wanataka uwahi masaa mawili, za nje matatu, foleni kutoka Mbezi au Tegeta mpaka uwanjani unaijua mwenyewe, afu ukishuka kuna kusubiri begi na usafiri wa kuingia mjini. Jumlisha vyote, lisaa limeshakuwa manne mpaka matano. SGR ambayo ilifika Dodoma 2024, ile treni ya haraka inatumia masaa matatu na kitu, na stesheni ya Dar iko katikati ya mji. Kwa Dodoma mi napanda treni bila kuwaza. Kwa Mwanza ni kitu kingine kabisa, hata ukiongeza foleni, uwanja na begi ndege inakupa kama masaa matano, basi linakuacha barabarani mpaka kesho yake. Kwa hiyo unapolinganisha usafiri ongeza kama masaa matatu na nusu kwenye ndege yoyote ya ndani, manne na nusu mpaka matano kwa ya nje, ndo ulinganishe na basi au treni.

Kwa Dar pia hakikisha unajua jengo. Ndege za nje zinatumia Tamino Tatu, lile jengo jipya lililoanza kazi 2019, za ndani ni Tamino Mbili, na vindege vidogo viko Tamino Wani. Sio mlango wa pili wa jengo moja, kuna umbali kati yake, ukishushwa pasipo na masanduku mawili utakodi tena bajaji.

La mwisho ni la wanaopokea wageni. Usiende uwanjani kwa kutegemea saa ya kwenye tiketi peke yake, ingia tovuti ya Flightradar24 au Google uandike namba ya ndege, ile yenye herufi mbili na tarakimu, TC ni Air Tanzania, PW Precision, KQ Kenya Airways, ET Ethiopian, EK Emirates. Utaona kama imeondoka na inategemewa kutua saa ngapi. Ikionekana imechelewa kuondoka dakika 20 usichelewe na wewe dakika 20, kwa sababu mashirika mengi huwa yanaweka akiba kwenye muda wa tiketi, ndege inaweza ikaondoka kwa kuchelewa na bado ikatua kwa wakati. Fuata saa ya kutua inayoonyeshwa ikiwa tayari hewani. Hapo ongeza dakika 20 mpaka 30 kwa mgeni wa safari za ndani, na lisaa kwa mgeni wa nje maana kuna uhamiaji na mzigo, na ndege mbili kubwa zikitua pamoja hata lisaa na nusu. Kwa hiyo mgeni wako wa Dubai ikionyesha anatua saa nane mchana, wewe uwe pale nje saa tisa kasoro robo, umeshaegesha, na simu ina chaji.